Maji ya Moto Upande wa Pili wa Ukuta

Nyumba ya mzee Ambilikile kule Mwaya, pwani ya ziwa Nyasa, ilikuwa ndefu, kama nyumba za wafugaji wote wa zamani: mianzi imesimamishwa wima, udongo umesuguliwa mpaka unang'aa, na nusu nzima ya nyumba ni ya ng'ombe. Asiyeijua nchi ile hudhani joto la nyumba hutoka motoni. Moto ulikuwa wa kupikia tu. Joto lilitoka kwa ng'ombe, kwenye pumzi zao na miili yao mikubwa iliyolala nyuma ya gogo lililowatenga na watu, na mzee alikuwa amelala karibu na gogo hilo maisha yake yote.

Kisha ikaja vita ya Wazungu, na Wajerumani wakahitaji nyama. Askari walikuja wakaswaga ng'ombe wote, hata ndama aliyekuwa bado ananyonya, wakasema serikali itarudisha. Hawakukawia kuonekana tena, ila safari hiyo walikuja kutafuta wapagazi. Wakamchukua Asajile, mtoto pekee wa mzee aliyekuwa amebaki hai. Kuhusu huyo hawakusema kama atarudishwa.

Asajile alipata nafasi ya kumwambia mkewe neno moja tu kabla ya kusukumwa mstarini.

"Baba asipigwe na baridi," alisema.

Mkewe aliitwa Rut. Alikuwa Mkisi wa Ikombe, binti wa wafinyanzi, na mtoto wake wa pekee alikuwa amemzika mwaka mmoja kabla ya vita. Neno la mumewe alilishika kwa mikono miwili, lakini angelitimizaje? Kwa Wanyakyusa, watu wa mumewe, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Akimsikia anakuja hutoka njiani, hujifunika nguo kichwani, huinama kwenye majani mpaka apite. Hamtaji jina, haongei naye. Miaka yote ya ndoa yake Rut alikuwa anakijua kikohozi cha mzee tu. Ni kweli alikuwa amebatizwa pamoja na mumewe, na huko misheni waliambiwa mila hiyo haiwafungi tena. Lakini mzee hakuwa amebatizwa, na Rut hakuona haki ya kujipa ruhusa ambayo mwenzake hakuulizwa. Mimi namsifu kwa hilo.

Masika yakaja, na masika ya pwani ile ya Nyasa si mchezo. Aliyemletea Rut habari alikuwa shangazi Anyosisye, dada wa mzee, mwanamke mwenye maneno mengi na mikono iliyokakamaa kwa baridi yabisi, asiyeweza tena kubeba hata kibuyu cha maji. Alieleza kwamba kaka yake anatetemeka mchana kutwa. Tena kuna jambo baya zaidi. Mzee aliyekuwa akienda mtoni kuoga asubuhi na jioni, miguu sasa imevimba, mto umefurika, na haogi. Juzi alikuwa amemwambia dada yake akae mbali, kule mlangoni.

"Ananuka," shangazi alisema, "na anajua kwamba ananuka. Hilo litamuua kabla ya baridi."

Rut hakulala vizuri tangu siku hiyo. Alichukua kijiti, akachora nyumba ya mzee chini kwenye vumbi la baraza yake, akafuta, akachora tena. Upande wa ng'ombe ulikuwa mtupu, na ulikuwa na mlango wake wenyewe. Angeiacha nyumba yake na kuhamia huko. Kati yao ungesimama ukuta kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Moto ungewaka upande wake, chini ya ukuta, na ndani ya ukuta angejengea mitungi mikubwa, matumbo yake yakitokeza upande wa mzee ili yampashe joto. Kwenye kona ya mzee kungekuwa na bafu la mawe, lenye mfereji wa kutolea maji migombani. Maji ya moto angeyamimina yeye mwenyewe kwenye bomba la udongo, yapite ukutani, yamfikie mzee bila mtu kumwona mtu.

Mzee alikataa katakata. Alale chini ya paa moja na mkamwana wake? Nani aliwahi kusikia jambo kama hilo? Shangazi alimjibu kwamba ng'ombe wenyewe hawakuwahi kumvunjia heshima wakilala pale, sembuse binti wa watu. Ilibidi homa imwangushe kwanza ndipo akubali, tena shingo upande, akahamia kwa dada yake mpaka kazi iishe.

Hapo Rut aliingia chumba kile kwa mara ya kwanza. Alikuta mkeka, kigoda, na kando ya gogo la ng'ombe shimo jembamba sakafuni, lililochimbwa na mgongo wa mtu aliyelala mahali pamoja tangu ujana. Alisimama akilitazama, machozi yakamtoka. Kisha akajikaza akaanza kukanda udongo. Kaka zake walikuwa wameuleta kwa mtumbwi kutoka Ikombe, pamoja na mawe laini ya ziwani, na kazi ya kufinyanga na kuchoma aliifanya mwenyewe.

Siku mzee aliporudi, Rut aliwasha moto, akachemsha maji, akayamimina bombani. Yakashuka kidogo, yakasita, kisha yakarudi yakamwagika miguuni pake. Kesho yake ikawa vilevile. Bomba lilikuwa limezibwa kwa ndani. Rut alikaa chini akalia, akasema mzee anamdharau kwa kuwa yeye ni mtu wa vyungu na samaki, hata maji aliyoyagusa hayataki.

Shangazi aliingia kwa kaka yake kuuliza, akatoka taratibu, bila maneno mengi safari hii.

"Ulilinyoosha sana bomba lako, mkamwana," alisema. "Alipoinama kuoga aliona miguu yako. Ameziba kwa majani ya mgomba, na tangu siku hiyo anakaa ameupa ukuta mgongo."

Rut alishika mdomo. Kumbe mzee hakuwa akimkataa, alikuwa akimlinda. Akalibomoa bomba, akafinyanga jingine lililopinda kama kiwiko, linaloshuka ndani ya ukuta kwanza ndipo litokee upande wa pili, hata mwanga usipite. Safari hiyo maji yalikwenda. Rut alisikia yakimwagika juu ya mawe, akasikia mtu akijimwagia, muda mrefu, kama mtu asiyetaka kumaliza. Halafu fimbo ya mzee ikagonga bomba mara moja: yanatosha.

Wakaishi hivyo. Maji asubuhi, maji jioni, na mlio ule wa fimbo. Mvua ikaisha, masika mengine yakaanza, na hawakuwahi kusemezana kitu kingine.

Katika masika hayo Waingereza waliingia na Wajerumani wakakimbia. Wapagazi wachache wakarudi, na mmoja wao alileta habari kwamba Asajile alikufa kwa kuhara damu, akazikwa kando ya njia mahali asipoweza kupaeleza. Msiba ulikaliwa. Ulipokwisha, kaka zake Rut walikuja kumchukua, kwa maana mjane asiye na mtoto, ambaye mumewe hakuacha ndugu wa kumrithi, hana la kungoja. Mzee mwenyewe alimtuma dada yake: mwambie aende kwao, amefanya ya kutosha. Rut akafunga mzigo wake.

Asubuhi ya safari kaka zake walisimama uani wakimngoja. Aliwasha moto kama kawaida, akamimina maji ya mwisho. Akangoja fimbo igonge. Haikugonga. Akainama karibu na bomba kusikiliza kama mzee ameanguka, na hapo sauti ikapanda kupitia udongo, nzito, ya mtu aliyekuwa analia.

"Ndaga fijo, mwanangu."

Ahsante sana. Hakusema mkamwana.

Rut hakuwa na ruhusa ya kumjibu. Akachukua kijiti cha kuni, akagonga bomba mara moja. Akainuka, akatoka uani, akawaambia kaka zake warudi na mtumbwi wao. Wakija tena wamletee udongo, kwa sababu mtungi wa katikati ulikuwa umeanza kuingia ufa.