Gunia la Maharagwe Haliogopi

Mume wangu alisema ni mimi. Pikipiki yetu ilikuwa na ugonjwa wake: ikienda mbio imetulia, lakini akipunguza mwendo tu, mbele kunaanza kuyumba, kushoto kulia, kushoto kulia, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Na yeye, bila aibu, akamshtaki mke aliyekaa nyuma.

“Ni weye njo unatetemekaka,” aliniambia. “Ukiona basoda unaogopa, na pikipiki inakufwata.”

Moyo ulinichemka. Wakati ule wa vita vya pili vya Kongo yetu kuogopa askari hakukuwa dhambi. Lakini kusingiziwa na mtu ninayempikia bugali kila siku, hapana, hilo nilikataa.

Binti yetu wa kwanza alikuwa kijijini Mudaka, kwa mama yangu. Nilimpeleka huko aachishwe ziwa, kama tunavyofanya kwetu: mtoto anakaa kwa bibi yake mpaka asahau kunyonya. Ni kwa muda kidogo, tulisema. Kumbe vita vinatufuata nyuma. Njia ikafungwa, na mimi nikaanza kuogopa kwamba mtoto atasahau ziwa pamoja na mwenye ziwa. Halafu mama mmoja muuza mboga, pale soko la Kadutu, akaniambia njia imefunguka, mtoto ni mzima, na anatembea. Anatembea, na mimi sijaona! Nilimkumbatia yule mama pamoja na lengalenga zake.

Kesho yake asubuhi tukaondoka. Kwenye bariere ya kwanza, pale askari walipofunga barabara, mume wangu alipopunguza mwendo, pikipiki ikayumba vibaya hata askari akadhani tunageuka tukimbie. Alituelekezea bunduki. Alipoelewa, alitutukana kwa Lingala na kuturudisha mjini, akisema siku nyingine tukija hivyo hatauliza. Ndipo bwana wangu akaanza maneno yake ya kutetemeka, na akasema ataenda peke yake. Nilimuuliza atamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge cha nani.

Tulifika nyumbani bado tunabishana. Nikamwambia: weka gunia la maharagwe pahali pangu, twende tupime. Alichagua gunia kubwa kuliko yote, eti ndilo la kilo zangu. Nilimtazama, akalirudisha, akachukua la katikati. Tulilifunga nyuma kwa kamba za mpira, akaenda nalo kwenye kipande cha barabara kilicho sawa, na hapa Bukavu kwetu barabara isiyo mlima ni ya kutafuta. Mimi nilisimama pembeni, mikono kiunoni. Akaja mbio, akapunguza, na mbele yangu pale pale pikipiki ikayumba. Nilipiga vigelegele peke yangu barabarani, watu wakatoka kuuliza nani amezaa.

“Papa,” nilimwambia, “sasa uliza gunia kama iko na woga.”

Alicheka mpaka akashuka. Na kuanzia hapo tukawa wamoja, tunautafuta ugonjwa kama watu wanaowinda panya ndani ya nyumba. Upepo wa magurudumu ulikuwa sawa. Spoki alizigonga moja moja, zote zikalia vizuri. Tukaweka kreti ya bia chini ya injini ili gurudumu la mbele lining'inie. Yeye akashika ile miguu miwili inayobeba gurudumu, akaivuta na kuisukuma. Mimi nikaweka vidole pale shingoni, chini ya usukani.

Tok. Akavuta tena. Tok. Nilisikia kwa vidole kabla ya masikio.

“Iko hapa!” nilipiga kelele, na kumbe yeye yuko karibu yangu kabisa.

Ndani ya ile shingo kuna gololi ndogo ambazo usukani unazungukia, na nati kubwa ya kuzibana. Mawe ya barabara zetu yalikuwa yameilegeza, grisi imekauka. Mtu akikaa nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na shingo iliyolegea inapata nafasi ya kucheza. Tuliziosha gololi kwa mafuta ya taa, tukazipaka grisi mpya, akakaza nati. Alikaza kwa hasira, usukani ukawa mgumu kama mlango wa stoo. Akalegeza kidogo, halafu kidogo tena, mpaka usukani ukaanguka upande wenyewe, bila tok. Nilipanda nyuma. Alipopunguza mwendo, tulinyooka! Nilimpigapiga mgongoni kwa furaha mpaka akalalamika.

Kulipokucha yule askari alitutazama tunavyokuja taratibu, akatupungia mkono tupite. Kule Mudaka, binti yangu alikuwa amesimama uani na hindi mkononi. Alinitazama sana, kama mgeni. Halafu akaja, kwa miguu yake mwenyewe, akanipa lile hindi.

Wakati wa kurudi nilimfunga mgongoni, nikahisi pumzi yake shingoni kwangu. Tukakaribia tena ile bariere, na safari hii askari walikuwa wengi. Mume wangu akapunguza mwendo, pikipiki ikanyooka, tukapita. Mbele kidogo akageuza kichwa, sauti chini.

“Mama, imeanza tena? Nasikia inatetemeka.”

“Hapana, papa,” nilisema. “Sasa ni miye.”