Tangi Ambalo Sikulipima

Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Bonde lote la Jangwani likajaa maji ya matope na vyoo vilivyofurika, na wagonjwa wa kipindupindu wakaanza kumiminika hospitalini kwetu. Mmoja aliletwa kutoka Kariakoo akiwa amelazwa kwenye mkokoteni, juu ya magunia. Mimi nilikuwa afisa afya wa kitengo cha dharura. Sikutibu mtu. Kazi yangu ilikuwa maji, taka na klorini, ili ugonjwa ulioingia na mgonjwa usitoke na muuguzi.

Asubuhi ya siku ya nne nilimkuta muuguzi wa zamu, mama wa makamo aliyenipokea kazini miaka mingi nyuma, ameinamia ndoo. Nilidhani ni ya mgonjwa. Kumbe alikuwa anatapika yeye.

"Umekula nini, mama?"

"Sijala kitu, mwanangu. Nimekunywa maji yetu tu, ya kwenye dumu."

Dumu lile tulilijaza kutoka tangi la nyuma, lililochimbiwa ardhini. Tangu mvua ianze sikuwa nimelipima. Kule nyuma kulikuwa na dimbwi, nami nilikuwa nimechoka, basi nikapima la mbele na kusaini fomu kwamba yote mawili ni salama.

Nikakimbia kulipima. Mfuniko ulikuwa umezama dimbwini. Nikatia kidonge kwenye kichupa cha maji, nikatikisa, nikangoja yageuke rangi ya waridi kuonyesha klorini imo. Hayakugeuka. Na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakunywa vikombe viwili.

Nikamwendea daktari wa zamu. "Fomu ya maji niliyosaini ni ya uongo. Tangi la nyuma halina klorini."

Akaniuliza, "Nani mwingine amekunywa?"

"Wote. Hata wewe."

"Kalifunge kwanza hilo tangi," akasema.

Nilimwaga dumu, nikafunga koki, nikampigia mke wangu simu kwamba sirudi nyumbani. Aliponiuliza kuna nini, nilisema kazi ni nyingi. Kutwa nzima nilifanya kazi nikilisikiliza tumbo langu. Likinguruma kidogo tu, jasho linanitoka.

Mchana binti wa yule muuguzi alifika mbio kutoka Mchikichini, anakouza mitumba. "Shikamoo. Mama yangu ameupatia wapi huu ugonjwa?"

Ningeweza kusema hatujui. "Hapa hapa," nikamjibu. "Kwa maji niliyosema ni salama."

Hakunitukana. Alivaa glavu nilizompa, akaenda kumshikia mama yake ndoo. Dripu mbili zilikuwa zinakwenda kwa pamoja, na macho ya yule mama yalikuwa yamezama ndani kiasi kwamba sikuweza kuyatazama.

Siku ya tatu ya ugonjwa wake yule mama aliketi kitandani, akaomba uji. Wafanya usafi wawili waliugua pia, wakapona. Mimi na daktari hatukuugua, na mpaka leo sijui kwa nini. Nilipewa barua ya onyo, nikaisaini bila kujitetea. Mama yule alirudi kazini na tunasalimiana vizuri. Binti yake, nikipita kwenye meza yake sokoni, hujifanya anakunja nguo.