Mguu wa Tano wa Ng'ombe wa Buchani

“Shangazi, ni kitu gani kinakutia kinyaa kuliko vyote duniani?”

Mtoto wa kaka yake alimuuliza hivyo zamani, meno ya mbele hayajaota, amechuchumaa mlangoni pa chumba cha uani akimwangalia anavyosugua vidole kwa mafuta ya taa. Shangazi alikunja uso kama aliyelamba shubiri, akafikiri, kisha akaangua kicheko.

“Ungeniuliza kinachonipendeza ningekujibu upesi. Kinyaa? We acha tu, ngoja kwanza nichague.”

Na vya kuchagua alikuwa navyo, maana alikuwa mchora mabango, na riziki yake ilitoka buchani. Wenzake walipata kazi za saluni na gereji. Yeye, tangu alipochora ng'ombe wake wa kwanza, ng'ombe mwenye macho kama anayetaka kukusalimia, kila mwenye bucha alimtaka yeye na si mwingine. Alichora ng'ombe, akachora mbuzi, akachora mbavu na maini yanayong'aa. Nyama yenyewe hakuitia mdomoni. Harufu tu ilimpandisha nyongo. Kabla hajafungua kopo la rangi alikuwa ameshafunga kitambaa usoni, na mtaa mzima ukamwita Dada Pua.

“Wifi,” mke wa kaka yake alimchokoza mezani, akimsogezea bakuli lake la maharage, “ng'ombe unashinda naye mchana kutwa, kumla humli. Kwani mnachumbiana?”

“Mchumba ningemwambia akaoge.”

Mtu asiyejua atadhani ukuta wa bucha unapakwa rangi hivi hivi. Thubutu! Kila shoka linaposhuka kwenye gogo, kitu kinaruka: tone la damu, chembe ya mfupa, shahamu. Shahamu ndiyo mbaya wao. Inaganda ukutani, juu yake inaganda nyingine, vumbi linakuja kukaa, inzi anakuja kufa. Rangi ukiipaka hapo inakubali leo, kesho inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Kwa hiyo nusu ya kazi ya Dada Pua ilikuwa kukwangua. Alikwangua kwa kisu butu, akasugua kwa maji ya moto na sabuni, akapiga msasa. Uchafu ulitoka wa manjano, laini kama nta ya sikio, na ndani yake bawa la inzi au unywele wa mtu asiyejulikana. Alikuwa akitoka nje kutema mate, anavuta pumzi, anarudi. Ukuta ukishakuwa safi ndipo macho yake yalipotulia, na ng'ombe akaanza kuja.

Mteja wake wa siku nyingi alikuwa mwenye bucha mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Fupa. Huyo alikuwa na tabia moja iliyomtia Dada Pua wazimu. Akishamkatia mteja nyama, kiganja chake alikifutia ukutani. Si popote, palepale siku zote, chini ya tumbo la ng'ombe. Zamani hapo palikuwa na mchoro wa mtu mwingine, ng'ombe wa miguu minene, ambaye Dada Pua alimfunika kwa rangi nyeupe kabla ya kumchora wa kwake. Sasa mkono wa Fupa ukala ile rangi ya juu kidogo kidogo, mpaka siku moja mguu wa yule ng'ombe wa kale ukachungulia. Baada ya muda ukatoka wote, mweusi, unateleza mafuta. Ng'ombe akawa na miguu mitano.

“Niache niufute, kaka yangu. Naona aibu kupita hapa.”

“Ufute wa nini? Hiyo nyongeza ya mteja!” Fupa akacheka mpaka kitambi kikatikisika, kisha, mbele ya macho yake, akajifuta tena hapohapo.

Siku zikaenda hivyo mpaka akaja kijana mmoja wa viatu vyeupe. Kazi yake ilikuwa kutafuta sanaa mitaani, kuipiga picha na kuirusha kwenye ukurasa wake, ambao watu wengi waliufuata. Fupa alimwita Mgunduzi, naye hakuona kama anataniwa. Alisimama mbele ya ule ukuta, akashika kichwa kwa mikono miwili.

“Hii ni dhahabu! Nani kachora?”

Dada Pua alikuwa nje ya bucha anakoroga rangi. Akanyoosha brashi.

“Dada, nimekugundua!”

“Kwani nilikuwa nimepotea?”

Picha ikarushwa. Mgunduzi aliipiga kwa karibu, karibu mno, mpaka inzi wawili walioganda kwenye shahamu wakaonekana wakubwa kama maharage. Chini yake akaandika: Uchafu wenye uhai. Watu wakaanza kuja. Walijipiga picha na mguu wa tano, wakaukumbatia, na dada mmoja mwenye miwani ya jua alitoa ulimi kana kwamba anaulamba. Dada Pua alijua vizuri nini kimepita pale. Ilibidi akae chini, kichwa magotini.

Hakuna aliyeuliza habari za macho ya ng'ombe.

Lakini Mgunduzi alirudi na neno lililomfanya akose usingizi. Kulikuwa na ukumbi wa maonyesho, na juu ya ukumbi kulikuwa na chumba cha mchoraji. Kina madirisha makubwa pande mbili, kina sinki lenye maji yanayotoka, na hakuna bucha jirani. Mama mwenye ukumbi angemwona Dada Pua akichora mbele ya wageni jioni moja tu. Wageni wakimpenda, chumba ni chake.

“Wifi, nenda!” alisema mke wa kaka yake. “Hata ukachore chura, nenda. Umekunja pua vya kutosha.”

Alikwenda. Alivaa gauni la kutokea, akaacha kitambaa nyumbani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi. Ukumbi ulikuwa mweupe pe, sakafu unaweza kulia chakula. Akavuta pumzi, na hapohapo ikamfikia ile harufu. Katikati ya ukumbi walikuwa wamesimamisha ubao mkubwa, umepakwa shahamu kutoka juu hadi chini.

“Nani kafanya hivi?”

“Mimi mwenyewe,” alisema Mgunduzi, anameremeta kama bwana harusi. “Nimeulaza juani ukolee. Umeuonaje?”

“Nipe maji ya moto nikwangue.”

“Weee! Usiguse! Hiyo ndiyo kazi yenyewe.” Akamsogelea sikioni. “Na mguu wa tano usisahau. Uchore kama umeteleza. Ukiutengeneza vizuri hawatauamini.”

Wageni walisimama nusu duara, wanatafuna vipande vya nyama vilivyochomekwa vijiti, vidole vinang'aa. Pembeni alisimama mama mwenye ukumbi, mpole, ufunguo wa chumba mkononi. Dada Pua akautazama ule ufunguo. Akayawaza madirisha, akaliwaza sinki. Akachovya brashi.

Mgongo ukaja, pembe zikaja, na miguu minne pia. Halafu akashusha brashi chini ya tumbo na kuchora wa tano. Aliupinda kidogo, akauyumbisha, akaacha rangi ichuruzike kama ya mtu aliyelewa. Watu wakapiga makofi. Mama mwenye ukumbi alikuja kumkabidhi ufunguo, na kiganja chake kilikuwa na mafuta.

Alikaa kile chumba wiki chache. Mwanga ulikuwa mzuri kweli, hilo halikatai mpaka leo. Lakini kila asubuhi alikuta ubao umeshapakwa shahamu. Waliagiza miguu sita, wakaagiza ng'ombe asiye na macho. Mwisho Mgunduzi aliingia na kikopo cha plastiki, anakitikisa karibu na sikio lake kama mtoto mwenye njuga.

“Nimepita kwa Fupa. Inzi halisi! Tutawabandika.”

Dada Pua alitapikia kwenye sinki. Akafungua maji, akasafisha sinki mpaka likawa jeupe, akaweka ufunguo pembeni yake, akaondoka na brashi zake bila kuaga.

Bucha ilikuwa imejaa watu alipofika. Fupa alimwona amefunga kitambaa.

“Dada Pua! Wamekutapika?”

“Mimi ndiye niliyewatapika. Sogea.”

Alitoa kisu butu, akapiga magoti chini ya tumbo la ng'ombe, akaanza kukwangua. Fupa akapiga kelele kwamba unaniharibia biashara, watu wanakuja kwa huo mguu, dada yangu una wazimu! Wateja wakacheka, mmoja akasema mwache mama wa watu, kwani tunakula mguu wa ukutani? Dada Pua hakugeuka. Mguu ulitoka vipande vipande, vingine vikamwingia kwenye kucha. Alipomaliza alipiga msumari karibu na gogo, akatundika kitambaa.

“Mkono wako utaufutia hapa. Nikirudi nikakuta alama ya kidole ukutani, ng'ombe namfuta mzima, nakuachia pembe.”

Fupa akanung'unika siku nzima, lakini akafutia pale. Wapiga picha walikuja mara mbili tatu, wakakuta ng'ombe wa miguu minne, wakaenda zao.

Mtoto wa kaka yake sasa yuko sekondari, na likizo humsaidia kupiga msasa. Yeye swali lake alikuwa ameshalisahau. Shangazi hakusahau. Walikuwa kwenye bucha mpya, ukuta unanuka, kitambaa kimelowa jasho usoni, ghafla akaacha kukwangua, akakishusha.

“Uliwahi kuniuliza kinachonitia kinyaa kuliko vyote.”

“Lini hiyo, shangazi?”

“Ulikuwa kibogoyo bado.” Akainua mkono wake wa kulia, wenye rangi mpaka kwenye mistari ya kiganja, akautazama kama wa mtu mwingine. “Ni huu. Jioni ile ukumbini nilidhani utagoma. Haukugoma.”