Timotheo wa Tatu

Mama yangu, Ruti, ni mtu wa kushika neno lake. Akisema kesho tunachuma kahawa, hata mvua inyeshe mtachuma kahawa, na usimletee habari za kuumwa kichwa. Baba alipofariki, watu wa Ihanda walisema atauza shamba ahamie Vwawa kwa mdogo wake. Hakuuza hata mche mmoja. Alilima, akatusomesha, na kila Jumapili alikwenda kanisani na kitenge kilichopigwa pasi mpaka kikanyooka kabisa. Mimi ni binti yake, Judith, na hakuna mtu duniani niliyegombana naye kama yeye, kwa hiyo nikimsifu mniamini.

Jambo moja tu lilikuwa halimpi usingizi: jina la baba. Katika familia yetu mzee akiondoka, mjukuu wa kiume hubeba jina lake ili pale nyumbani liendelee kuitwa. Baba aliitwa Timotheo. Mimi nilizaa mabinti watupu, na hata ningepata wa kiume angekuwa wa ukoo wa mume wangu. Jina likabaki mikononi mwa kaka yangu Sebastian, anayefanya kazi ya kutoa mizigo forodhani Tunduma.

Sebastian alimwoa Sekela, muuza vitenge wa pale mpakani, mwanamke mpole kiasi kwamba hata akikukatalia bei unaondoka ukimshukuru. Mtoto wao wa kwanza akaitwa Timotheo bila mjadala. Alifariki akiwa mchanga, hajajua hata kukaa. Akazaliwa wa pili. Mama akasema jina lisianguke, na huyu naye akaitwa Timotheo. Huyu alitembea, akaanza hata kusema, kisha homa ya mapafu ikamchukua wakati wa baridi kali. Wote wawili tuliwazika Ihanda, nyuma ya nyumba, kando ya babu yao. Misalaba mitatu ya mbao, jina moja.

Mwaka jana Sekela akajifungua tena mtoto wa kiume. Mama alipopata habari hakungoja, akanichukua, tukapanda gari kwenda Tunduma. Alifika, akanawa mikono, akampokea mtoto na kumwambia, "Karibu, Timotheo."

Sekela alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini.

"Hapana, mama. Huyu anaitwa Mwenyewe."

Mama akanigeukia mimi, utadhani ndimi niliyemfundisha. "Judith, hilo nalo ni jina? Hilo si ni jibu? Mtu anauliza nani kamwaga maji, anaambiwa mwenyewe!"

Nilicheka, nikanyamaza haraka. Sekela hakucheka.

"Nataka jina ambalo halijawahi kuwa la mtu, mama. Wanangu walikuja wakabebeshwa jina la mtu, wakaondoka nalo. Huyu nataka awe na lake."

"Kwa hiyo jina la mume wangu linaua watoto?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Ndivyo ulivyosema!"

Sebastian alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi. Akasema ameitwa kazini, kuna lori limekwama. Malori hukwama Tunduma kila siku ya Mungu, lakini kaka yangu sijawahi kumwona akiyakimbilia namna ile. Nilimkasirikia, na mpaka leo sijamaliza.

Mama alirudi Ihanda bila kula. Tangu hapo kwenye simu alikuwa akiuliza, "Huyo mdogo hajambo?" basi. Sekela alimwita mtoto Mwenyewe. Sebastian hakumwita jina lolote, alimpigia mluzi. Na kwetu jina halijasimama mpaka bibi alitamke mbele ya kaburi la babu. Sekela alijua kwamba mama asipolitamka, mtoto ataitwa Mwenyewe Tunduma na Timotheo Ihanda, na siku moja Ihanda itashinda. Aliniambia hivyo akilia, akikunja vitenge vyake dukani.

Msimu wa kahawa ulipofika akamleta mtoto kwa bibi yake. Nilikuwepo. Salamu zilikuwa za heshima na za baridi. Mama alimfunga mtoto mgongoni, akatangulia kuelekea nyuma ya nyumba, sisi tukafuata. Tulipofika makaburini kuku akakatiza na vifaranga vyake, na mtoto akanyoosha shingo kumtazama.

Mama akacheka kwa furaha ya kweli. "Mwoneni! Timotheo wetu alikuwa hivihivi! Akiona kuku anapiga makofi. Na akinyonya anashika sikio la mama yake, haliachii mpaka alale!"

"Timotheo yupi, mama?" Sekela akauliza. Aliuliza taratibu, bila ukali wowote.

Mama akafungua mdomo. Akatazama msalaba mdogo mmoja, akatazama wa pili. Akainua mkono kuonyesha, kisha akaushusha.

"Sijui," akasema. "Mwanangu, sijui."

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Alimfungua mtoto, akanipa, akakaa chini kwenye majani na kitenge chake kizuri, akaanza kulia. "Nimewachanganya. Nimewaogesha wote wawili, nimewabeba wote wawili, halafu nimewafanya mtu mmoja."

Sekela akakaa kando yake.

"Wa sikio ni wa kwanza, mama. Yule hakuwahi kupiga makofi, mikono yake ilikuwa bado haina nguvu. Wa kuku ni wa pili. Huyo hakupenda kushikwashikwa, hata kunyonya alikuwa ananyonya anatazama mlango."

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akafuta uso, akainuka. Akamchukua mtoto mikononi mwangu na kusimama mbele ya kaburi la baba.

"Mzee, huyu ni mjukuu wako. Anaitwa Mwenyewe. Jina lako nimekurudishia. Nililing'ang'ania kwa upweke, utanisamehe."

Nilidhani tumemaliza, nikageuka niende zangu. Mama hakuondoka. Aliielekezea kidevu ile misalaba midogo.

"Na hawa? Kama tungekuuliza, ungewaitaje?"

Sekela hakufikiri hata kidogo. "Asajile," akasema, "na Alinanuswe."

Miaka yote hiyo alikuwa na majina hayo moyoni. Mama akainama, mtoto kifuani, akagusa udongo wa kaburi la kwanza, akasema, "Asajile." Akasogea, akagusa la pili, lakini kilio kikambana katikati ya jina, ikabidi Sekela amsaidie kulimalizia.