Siku za Kutooga kwa Koko

Nilipokuwa mtoto, kitu nilichokiogopa kuliko giza, kuliko hata mbwa wa jirani zetu wa mtaa wa Kasha, kilikuwa wingu. Si kila wingu. La kwetu mjini Bukavu halikunihusu. Mvua ikinyesha tulikinga maji chini ya mabati na kushukuru. Nililiogopa lile lililochungulia kutoka upande wa msitu wa Kahuzi mwisho wa mwezi wa nane, wakati ngano ya Koko imeshakatwa na imelala shambani.

Koko ndiye bibi yangu, mama yake papa, yaani baba yangu. Shamba lake lilikuwa juu ya kijiji cha Miti, kule mlimani ambako asubuhi mtu anaongea na moshi unamtoka mdomoni. Kila likizo kubwa papa alinipeleka huko nikasaidie mavuno. Nyumbani kwa Koko alikuwepo baba yangu mdogo, Tonton Deo, kitinda mimba wake, na mwaka huu ninaousimulia alikuwepo pia mke wake mpya, Tantine Faida, aliyeolewa miezi sita tu nyuma. Mimi nilikuwa na miaka kumi.

Koko alikuwa Mkatoliki asiye na mzaha. Misa hakosi, rozari haimtoki shingoni. Lakini mavuno yalipofika alimwachia Mungu mambo mengine yote, mvua akaishughulikia mwenyewe. Asubuhi ya kukata suke la kwanza alichukua chungu kidogo, akatia majivu ya jikoni, akakifunga mdomo kwa jani la mgomba na kukilaza kifudifudi kwenye pembe ya shamba. Hapo mvua ilikuwa imefungwa. Kisha akatupanga mbele yake na kutoa amri.

“Kuanzia leo mutu asioge. Mutu asifue nguo, asimwange maji inje. Mupaka ngano yote iingie mu nyumba. Maji ya juu ikiona ya chini, inashuka kuisalimia.”

“Na kukunywa, Maman?” Tonton Deo aliuliza, akinikonyeza jicho.

“Kunywa, unakunywa. Tumbo haina macho.”

Tonton Deo alicheka. Tantine Faida naye alicheka, na kwa kuwa bado hakuwa amemjua mama mkwe wake vizuri, akaongeza lake. “Kwetu Mumosho, mutu asiyeoga siku mbili, hata mbuzi zinamukimbia.” Mumosho ni huko chini karibu na mto Ruzizi, kwenye joto, ambako watu wanaoga asubuhi na jioni. Koko hakucheka. Alimtazama tu, na mimi nikaona kwamba maneno yale ameyaweka akiba.

Tantine Faida alikuwa na jambo kubwa lililotegemea mavuno yale, na sote tulilijua. Kwa Koko, bibi harusi hakupewa jiko siku ya kwanza. Alipika kwenye jiko la mama mkwe, kwa sufuria za mama mkwe, hata chumvi aliiomba, mpaka wavune pamoja mara moja. Mavuno yakiisha salama, Koko angemkabidhi mafiga matatu, naye angewasha moto wake. Tantine Faida alishachagua mahali, nyuma ya chumba chao. Alipafagia kila asubuhi. Siku moja alinionyesha kwa mkono: hapa mafiga, hapa kuni, hapa kigoda chako ukija kunitembelea. Nilimpenda sana. Ndiye mtu mzima pekee mlimani pale aliyeniuliza nataka kula nini.

Siku mbili za kwanza zilipita salama. Wakubwa walikata kwa mundu, mimi nikakusanya na kufunga miganda. Anayejua ngano kwa sura ya mkate tu haijui. Masuke yana nywele, na nywele zile zinaingia shingoni, kwapani, kiunoni, zinachoma kama upupu. Usiku nilijikuna hadi ngozi ikachubuka. Nilimwomba Koko anipanguse japo kwa kitambaa chenye maji. Akanipaka samli na kuniambia nivumilie, ngano haijamuua mtu.

Siku ya tatu, saa nne hivi, nilitumwa mtoni kuchota maji ya kunywa. Tantine Faida aliniona ninavyohangaika na ile bido, dumu la maji, kichwani, akavua kikwembe, kitenge chake cha juu, kile cha rangi ya majani, akakiviringisha kata akaniwekea kichwani. “Enda pole,” akasema.

Mtoni hapakuwa na mtu. Nilisimama pale, sijui muda gani, nikiyatazama maji. Nakumbuka nilijadiliana nafsini kama mwanasheria: Koko alisema mtu asioge, hakusema asitie miguu. Nikatia miguu. Kisha magoti. Kisha nikavua nguo zote na kuketi katikati ya maji yale ya baridi, meno yakigongana, na sijawahi katika maisha yangu kusikia raha kama ile. Nilijifuta kwa kikwembe cha Tantine. Kwa kuwa kililowa sikuweza kukiviringisha tena, nikakitundika kwenye ua nyuma ya nyumba kikauke, nikapanda na maji shambani.

Raha ile haikufika saa sita. Kila nilipoinua macho nilitazama upande wa Kahuzi. Mwanzoni palikuwa peupe. Halafu pakatokea kitu kidogo, cheupe, kama ukungu wa kawaida. Nilijiambia ni moshi wa wachoma makaa. Nilifunga miganda haraka kuliko siku zote hata Tonton Deo akanitania kwamba leo nimekula nini. Nikamwomba Bikira Maria, nikaahidi kwamba ngano ikiingia nyumbani kavu sitadanganya tena, sitakula sukari kwa siri tena, na orodha ikawa ndefu. Saa nane ukungu ulikuwa umekuwa mweusi, na upepo ukaanza kuvuta masuke.

“Bebeni!” Koko alipiga kelele. “Bebeni yote!”

Tulibeba. Tulikimbia na miganda vichwani, tukiitupa ndani mlangoni na kurudi. Koko mwenyewe, pamoja na mgongo wake, alibeba. Tuliokoa kama nusu. Kisha mvua ikaja yote kwa mara moja, pamoja na mawe yake, ikaipigapiga ngano iliyobaki chini mbele ya macho yetu. Iliendelea siku mbili. Wanaolima ngano wanajua kinachofuata: nafaka iliyolowa huota ikiwa bado ndani ya suke, na unga wake hunata kama gundi.

Mvua ilipopungua kidogo jioni ile ya kwanza, Koko alitoka nje. Alirudi ameshika kikwembe.

Tulikuwa jikoni, tumeuzunguka moto, tunatetemeka. Alikikunjua mbele yetu. Mvua ilikuwa imekilowesha upya, lakini hilo halikumsumbua. Swali lake lilikuwa nani alikipeleka kwenye ua siku za kutofua.

“Hii kikwembe iko ya nani?”

“Iko yangu, Maman,” Tantine Faida akajibu.

“Ulioga?”

Tantine Faida aligeuza uso, akanitazama. Hakunikazia macho, hakukunja uso. Alinitazama tu, na nilijua kwamba ameelewa kila kitu, tangu mtoni hadi kwenye ua. Kuni zilipasuka motoni. Tonton Deo akakohoa. Mimi nikatazama miguu yangu, ambayo ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote mle ndani.

“Unanyamaza,” Koko akasema. “Nilijua. Mutu wa maji ni mutu wa maji. Mafiga yako itangoja mavuno ingine.”

Basi. Hapakuwa na matusi, hapakuwa na fimbo. Tonton Deo alifungua mdomo atetee, mama yake akamwinulia kidole, akaufunga. Tantine Faida aliinuka, akaomba chumvi, akaendelea kupika.

Siku tatu nilizobaki mlimani nilimkwepa. Kesho yake aliniita tuchambue maharage, nikasema kichwa kinauma. Siku iliyofuata alinisindikiza kwa jirani, akatembea polepole njia nzima, nami nikaongea juu ya shule bila kupumua. Papa alipokuja kunichukua, nilikuwa wa kwanza kusimama barabarani.

Nilirudi mjini na siri yangu, na kadiri nilivyokua niliitengenezea sura ya kupendeza. Nikajisimulia kwamba Tantine Faida alijitoa kwa ajili yangu, kwamba aliamua kumficha mtoto wa watu. Niliwasimulia hata watoto wangu hivyo, wakatikisa vichwa kwa huruma. Koko alishafariki, akiwa hajui.

Mwaka jana Tantine Faida alishuka Bukavu kwa arusi, akalala kwangu. Tuliketi uani tukichambua sombe, majani ya muhogo. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Nikaona wakati umefika, nikasema kwa sauti ya kanisani kabisa, “Tantine, asante kwa vile ulinificha ile siku ya mvua.”

Aliendelea kung’oa majani. “Mi sikukuficha,” akasema.

Nilidhani hakunisikia vizuri. Nikamkumbusha mto, kikwembe, jikoni.

“Ninakumbuka. Nilikuwa mugeni mu nyumba ile, Nsimire. Kama ningesema ni mutoto, nani angeniamini? Wangesema mwanamuke wa Mumosho anasingizia mutoto wa nyumba. Ni weye tu ungeweza kusema. Nilikungojea.” Akatupa bua. “Nilikungojea siku tatu.”

Nilimwomba msamaha. Nililia kama mtoto, mimi mama wa watoto wanne. Alinipapasa goti, akasema amenisamehe zamani, mambo ya mafiga yameshapita, alipewa mwaka uliofuata. Kisha, bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja bei ya chumvi, akaongeza, “Lakini hiyo maneno yako, ile siku ndiyo ingenifaa.”

Kuhusu mvua, mpaka leo sina hakika. Nimesoma, nafahamu jinsi mawingu yanavyojengeka juu ya msitu ule, na bado, siku za mavuno, mkono wangu unasita kumwaga maji nje. Kuhusu yale yaliyotokea jikoni ninayo hakika. Miaka yote ile nilikuwa nimemfanya Tantine Faida mtakatifu kwa sababu mtakatifu huwezi kumkosea, anavumilia tu, ndiyo kazi yake. Kumbe alikuwa mwanamke wa miaka ishirini aliyetaka moto wake mwenyewe, aliyekaa mwaka mzima akiomba chumvi, akiungoja mdomo wa mtoto ufunguke.