Kiolezo cha Nyumba kwa Harusi ya Mdogo Wangu

Siku ile tulikuwapo ukumbini sisi hawa: mdogo wangu, ambaye ndiye bi harusi; shangazi yetu, aliye dada wa marehemu baba; jirani wa mlango unaofuata, mwenye mtoto mmoja wa kiume, ambaye mtaa mzima wa Kibokoni humwita asimamie jikoni penye shughuli; wanawake kadhaa wa mtaani waliokuja na teo zao za kupepetea kwapani; na mimi. Ilikuwa Alhamisi. Magunia ya mchele yalikuwa katikati ya mkeka, nasi tumeyazunguka, tayari kuchambua.

Jirani alitia mkono guniani, akasita. "Kwani nikaha ni kesho?"

"La, mama. Ijumaa ijayo."

"Ijayo! Na mchele twachambua leo?"

Nilimwonyesha karatasi niliyoibandika ukutani. Ilikuwa karatasi ndefu ya printa, yenye vitundu pembeni, na mistari minene myeusi iliyoshuka kama ngazi. Kila mstari ulikuwa kazi moja ya harusi. "Ratiba ndivyo isemavyo," nikasema.

"Nani kaiandika?"

"Kompyuta ya afisini."

"Basi hiyo kompyuta haijala pilau," akasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Wazazi wetu walikufa wakifuatana, nikatoka skuli nikiwa kidato cha pili ili wadogo zangu wabaki. Huyu ndiye wa kwanza kuolewa. Harusi za kwetu huendeshwa na mama. Yeye ndiye ajuaye lini mchele, lini singo ya kumsugua bi harusi, lini hina, nani aalikwe kwanza asije akanuna. Mimi sikuwahi kurithi elimu hiyo, na shangazi alikuwa ameanza kusahau. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: asitokee mtu akasema, "Masikini, mayatima wameozana wenyewe."

Nilikuwa nikifanya kazi kwa mkandarasi mmoja upande wa Makupa. Nilianza kwa kufagia na chai, kisha simu, kisha kupiga chapa. Katikati ya miaka ya tisini ililetwa kompyuta yenye programu ya kupangia ratiba za ujenzi, na mwenzangu mmoja, mtu wa bara, akawa ndiye mwenye kuitumia. Nilipenda kumtazama. Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba hakuanza kazi mpya kwa ukurasa mtupu. Alichukua ratiba ya nyumba iliyokwisha kujengwa, akafuta tarehe, akafuta majina ya mafundi, akahifadhi kilichobaki.

"Hiki ni kiolezo," aliniambia. "Msingi, zege, kuta, paa, plasta, rangi. Nani amfuate nani kimeshajua. Ukikipa siku ya mwisho, chenyewe kinahesabu kurudi nyuma."

"Hata kama si nyumba?"

Alinigeukia. "Kama si nyumba ni nini, dada?"

Nilipomwambia ni harusi alicheka, lakini jioni hiyo alinipisha kiti. Nikafungua kiolezo cha nyumba, nikaandika juu ya kila jina. Penye kuchimba msingi nikaweka kununua mchele. Penye kumwaga zege nikaweka kuchambua mchele. Penye kuta, kupika. Siku ya mwisho nikatia ile Ijumaa ya nikaha, na mistari yote ikaruka mahali pake. Nilijiona kama nimeazimwa mama kwa muda.

Asubuhi yake nikamtuma mwalishi apite nyumba kwa nyumba. Na kwetu mwaliko ukishatoka kinywani mwa mwalishi haurudishwi. Ndiyo maana wale wanawake walikuja.

Shangazi aliikaribia ile karatasi, akainamia mstari wa chini kabisa. "Na hii, kukabidhi funguo kwa mwenye nyumba?"

Ulikuwa mstari niliousahau kuubadilisha.

"Ndiyo mimi hiyo?" akauliza mdogo wangu, na kicheko kikaanza upya. Safari hii nami nilicheka.

Jirani akanyanyua uteo wake. "Tumeshakuja, hatuondoki mikono mitupu. Tuchambue. Lakini mchele huu utakaa wiki, wadudu wataurudia, na sisi tutarudi Alhamisi kuuchambua tena. Wajua hilo, mwanangu?"

"Najua, mama."

Usiku huo wala asubuhi yake sikufikiria aibu tena. Nilifikiria ile wiki imetoka wapi. Mapema kazini nikamwuliza mwenzangu, naye akabonyeza mara mbili juu ya mstari wa kupika. Kisanduku kikafunguka: anza siku saba baada ya kazi iliyotangulia.

"Zege," akasema. "Likishamwagwa, sisi hatupandishi ukuta mpaka likomae."

"Kwa hiyo mchele wangu ulikuwa unasubiri ukomae?"

"Umebadilisha jina, dada. Tabia umeiacha ndani."

Tukaipitia mistari yote, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaotafuta kunguni kitandani. Tukakuta kupamba ukumbi kumerudishwa nyuma kutoka Jumapili hadi Jumamosi, kwa kuwa mafundi wa ile nyumba hawakufanya kazi Jumapili. Ile nyumba ilikuwa bado imo humo ndani, na mapumziko yake.

Wanawake walirudi Alhamisi ya pili, wote, hakuna aliyetuma udhuru. Ijumaa baada ya alasiri mdogo wangu aliolewa, pilau likatosha, na sikusikia neno mayatima.

Kwetu, aliyekuja kwenye mchele wako, nawe huenda kwenye wake. Waliokuja kwangu walikuja mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kwa ajili ya zege la mtu mwingine. Nimekwenda kwa kila mmoja wao aliyeoza mtoto, na nikarudi tena siku ya pili hata nisipohitajiwa. Amebaki jirani. Mwanawe yuko melini na hazungumzi habari za mke. Tukikutana mlangoni mama huyo huniuliza, "Uteo wako ungali mzima?"

"Ungali, mama. Wewe niite tu."

Hajaniita bado.