Kifafa Kisichokuja

Mtaa mzima ulimwita Bi Harusi. Ulikuwa utani, maana alishona magauni ya harusi miaka nenda rudi na mwenyewe hakuolewa. Utani mwingine, afadhali mtu atukanwe.

Kisa chote kilikuwa neno moja. Mama yake alifariki siku ile ile aliyomzaa, na kwenye cheti cha kifo karani aliandika sababu: kifafa. Baba akakitunza cheti, na binti alipopata akili akamkanya kwamba damu ni moja, ajihadhari. Naye akajihadhari. Hakukaa karibu na jiko akiwa peke yake. Hakufunga komeo la bafuni, ili akianguka watu waweze kuingia. Fundi viatu wa jirani alipomposa, alimpenda hasa, lakini akakataa. Aliogopa kuanguka na mtoto mkononi. Fundi akaoa kwingine, na gauni la bibi harusi akalishona yeye. Kifafa chenyewe akakingoja mpaka mvi zikajaa kichwani.

Juzi binti wa kaka yake, ambaye ni mkunga, alikuja kuuliza habari za ukoo. Akakisoma cheti, kisha akauliza kama bibi yake, huyo marehemu, aliwahi kuanguka kabla ya mimba ile. Shangazi akasema hajasikia. Alichosimuliwa ni kwamba mama alivimba miguu, akalalamikia kichwa, na siku ya kujifungua akakakamaa mwili mzima.

"Shangazi," mkunga akasema taratibu, "hiki ni kifafa cha mimba. Kinaletwa na presha ya ujauzito. Zamani walikuwa wanaandika kifafa tu. Sicho mlichokiogopa."

"Kwa hiyo mimi sina kitu."

"Huna, shangazi. Hukuwahi kuwa nacho."

Bi Harusi alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Baba yuko kaburini, karani hajulikani, na fundi viatu alizikwa mwaka juzi, wajukuu wake wakilia. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya yalimwagika kabla hajajua kutambaa. Akamshukuru mkunga, akamsindikiza hadi barabarani.

Aliporudi, aliingia kuoga. Akalivuta komeo. Halikusogea, kutu ilikuwa imelishika. Akalivuta kwa mikono miwili, akaliacha, akaoga mlango umeegeshwa kama siku zote.